Siku Kopo Lilipomkimbia Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni Mwenyekiti wa Bodi ya Shule yetu, Mzee Lugembe, shikamoo. Mkuu wa Shule, Mwalimu Octavian, ambaye nilikufundisha fizikia hapa hapa ukapata alama ambazo leo sitazitaja. Walimu wenzangu, wazazi, ndugu wageni waalikwa mliotoka Nzega, Kaliua na Ulyankulu, na ninyi wanafunzi mliokaa juani ili sisi wakubwa tukae kivulini: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na niliyemsahau ajisalimie mwenyewe.

Nimepewa dakika tano za kuwaaga, maana leo nastaafu. Lakini nimefundisha hapa miaka thelathini na mmoja kwa vipindi vya dakika arobaini, kwa hiyo tuvumiliane.

Mshereheshaji amenitaja kama mlezi wa vipaji. Nashukuru, ila jina langu mjini ni Mama Chakavu, na mnalijua. Nani hapa hajawahi kuniona nimeinama jalalani na gauni la kanisani, nikitafuta deki ya video iliyokufa, simu iliyokufa, taa ya sola iliyokufa? Wapo waliopeleka habari zangu kwa mchungaji. Mchungaji alikuja nyumbani, akanisikiliza kwa upole, na kesho yake akaniletea spika mbili mbovu za kwaya.

Roboti yangu ya kwanza ilitoka kwenye redio kaseti ya mume wangu, Sixbert, yule pale mwenye kofia, mstaafu wa reli. Alirudi kutoka zamu akaikuta redio yake inatembea juu ya meza. Hakugomba. Alivuta kiti, akaitazama ikizunguka, kisha akauliza, "Mama, taarifa ya habari nitaisikia kwenye gurudumu lipi?" Hapo nikajua nimeolewa na mtu.

Basi wanafunzi nao wakaanza kunifuata, tukajibanza kwenye kile chumba cha mwisho, jirani na choo, ambacho hakuna mwalimu aliyekigombea. Tuliunda viroboti kwa mota ya kaseti, betri ya simu, kopo la maziwa ya unga na vifuniko vya chupa. Macho tuliyatoa kwenye taa za sola, kile kidude kinachojua kwamba jua limezama. Kompyuta hatukuwa nayo. Tulikuwa na furaha ya kuona kitu kilichotupwa kikiondoka chenyewe, na mimi nawaambia furaha hiyo haipo kwenye mtaala.

Ndipo akaja Levina, binti wa Ulyankulu, kidato cha pili, aliyekuwa akihudhuria siku mbili na kupotea tatu. Siku alipoona kopo linatembea aliacha kupotea. Akaunda la kwake, akaliita Mpagazi, kwa heshima ya mababu zetu waliotoka hapa na mizigo mabegani wakafika pwani. Huyu wake alibeba kipande kimoja cha chaki, na nacho alikidondosha mara mbili. Lakini alikuwa na akili: ukimmulika tochi, anakufuata.

Mzee Lugembe, mwaka juzi, sikukuu ya shule, wewe ndiye uliyeshika tochi. Mpango ulikuwa Mpagazi akuletee chaki, uipokee, tupige makofi. Alikujia vizuri mpaka ukammulika. Akageuka, akakupa mgongo, akakimbilia chini ya meza kuu. Ukamfuata na tochi. Akazidi kukimbia. Uwanja mzima ulicheka, na mimi nilicheka nikijifanya nakohoa.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya Bodi: chumba kifungwe, paa linavuja. Mzee wangu, paa lile linavuja tangu mwaka nilioajiriwa, ila lilianza kukuuma baada ya kopo kukukimbia. Na Levina akasimamishwa mstarini, mbele ya shule nzima, akaomba radhi kwa kumdhalilisha mgeni. Chumba kimefungwa hadi leo.

Sasa naomba msicheke kidogo.

Asubuhi ya siku ile, Levina akiwa darasani, nililifungua kopo lake nilisafishe. Nikaona nyaya zimepishana: jicho la kushoto limeungwa na gurudumu la kulia, la kulia na la kushoto. Nikasema mtoto kakosea, nikazinyoosha. Kumbe kupishana kule ndiko kulikomgeuza Mpagazi aelekee kwenye mwanga. Nilipozinyoosha nilimfundisha kuukimbia. Mwalimu wa fizikia, miaka thelathini na mmoja.

Nililijua kosa langu siku hiyo hiyo, na nilinyamaza. Niliogopa kuchekwa. Nilijiambia mtoto atasahau.

Levina, simama mwanangu. Wewe ndiye uliyezifunga zile nyaya, kwa hiyo ulipofungua kopo ulijua ni mkono wa nani, maana chumba kile nilikuwa nakifungua mimi tu. Uliomba radhi kwa kosa langu, na jina langu hukulitaja, wala mpaka leo uko kidato cha nne hujanitazama kwa jicho baya. Nimeona aibu miaka miwili. Nisamehe.

Nawe Mzee Lugembe, nisamehe. Uliyestahili kumkasirikia hakuwa Levina.

Dakika chache zilizopita mmenikabidhi mabati arobaini kwa ajili ya nyumba yetu ya Kaliua, ambayo mpaka leo ni kuta tu. Nimepokea kwa mikono miwili. Na kile chumba cha karibu na choo nimekipima mwenyewe, kinataka ishirini. Nayatoa. Sixbert, kaa chini, baba. Ishirini yaliyobaki yataezeka sebule, na chumba cha kulala tutaombea ukame.

Kwa hiyo paa si sababu tena. Kama ipo sababu nyingine, maiki hii hapa, Mzee, njoo uiseme watu wasikie.

Nawashukuru wote kwa kunistahi miaka yote hii na kwa kunisikiliza leo muda mrefu kuliko mlivyopanga. Mwalimu Octavian, ufunguo nauona kiunoni mwako. Mpe Levina, sasa hivi, mbele ya watu hawa hawa waliomwona akiomba radhi. Mimi nimesimama hapa, nitakaa akishaupokea.