Kiinua Mgongo Kilichouzwa Kingali Ua

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Placidius Kamugisha anakabidhi funguo za ghala la chama chetu cha ushirika, Nyakakika, baada ya miaka thelathini na minne, thelathini na miwili kati ya hiyo akiwa mpimaji wa kahawa.

Alianza kama kibarua wa kushona magunia. Alipopewa mizani, aliweka kanuni moja: mkulima asome uzito mwenyewe kabla haujaandikwa. Aliwahi kumrudisha Restuta, mke wa katibu wetu, kwa kuwa kahawa yake ya maganda ilikuwa imelala mvuani. Katibu alikuwa amesimama palepale. Restuta husimulia kisa hicho mpaka leo, huku akicheka.

Lakini wengi watamkumbuka kwa vita vyake dhidi ya butura. Kila msimu wa maua, walanguzi wanapopita na pesa za ada ya shule kununua kahawa ambayo bado haijazaa, yeye alipita kibanja kwa kibanja, shamba kwa shamba, mpaka Chonyonyo akiwasihi watu wasubiri. Mwaka 2012 familia arobaini na moja zilisubiri.

Mwaka 2019 alimdhamini shemeji yake, Eliud, kwa mkopo wa lori la kubeba mizigo mpakani Murongo. Eliud alivuka mpaka na hakurudi. Mwaka jana mahakama ilimtangaza Mzee kuwa muflisi. Sehemu ya chini ya kibanja chake, alipozikwa mama yake, iliuzwa. Mnunuzi alikubali kumrudishia akilipwa kabla ya Julai, na Mzee alitegemea kiinua mgongo chake, ambacho chama kilikuwa kikimshikia hadi astaafu.

Wadai nao wakakitaka. Pensheni yake haikuguswa, inalindwa. Kuhusu kiinua mgongo, mahakama ilitaka kujua kama fedha isiyofika wakati wake inaweza kuhesabiwa mali ya mtu. Mkataba wake, ulioandikwa na ofisi yetu, ulipaswa kuwa na mstari unaokataza haki hiyo kuuzwa au kuhamishwa. Haukuwa nao. Kwa hiyo wakili wa wadai, kijana aliyemwamkia shikamoo asubuhi ile, akamgeukia Mzee mwenyewe.

"Mzee, huko kwenu kitu kisichoiva huuzwa?"

"Huuzwa, mwanangu. Hata kahawa ikiwa ua huuzwa. Ndiyo butura hiyo."

Baadhi yetu tuliokuwa ukumbini tuliinamisha vichwa. Yeye alijibu kama anavyosoma mizani. Jibu lake limo katika ukurasa wa sita wa hukumu: kinachoweza kuuzwa kabla ya kuiva ni mali kabla ya kuiva. Kiinua mgongo chote kimekwenda kwa wadai.

Uongozi umemwandalia cheti na saa ya ukutani. Ameomba saa hiyo ibaki ghalani, wakulima waione. Wiki iliyopita alimwonyesha Vero, mrithi wake, jinsi ya kusimama pembeni ili mkulima asome kwanza. Baadaye alikuja ofisini na kuuliza, bila hasira, kama mikataba yetu sisi wengine imerekebishwa. Haijarekebishwa.

Mzee Placidius, asante kwa kila kilo uliyoisoma kwa haki, na utusamehe kwa mstari mmoja ambao hatukuuandika. Tunakutakia uzee ambao hakuna atakayeununua kabla haujafika.