Nafasi ya Breki

Pale barabara ya lami inapokutana na njia ya kokoto, kuna jengo lililokuwa duka la vifaa vya ujenzi. Duka lilifungwa, baraza lake likabaki: refu, la saruji safi, limeinuka kutoka ardhini hadi kifuani mwa mtu mzima, lina kivuli asubuhi nzima na upepo usio na vumbi. Benchi liko hapo juu, na wenyewe hupaita Barazani. Ukipaita kijiweni utasahihishwa papo hapo, maana kijiwe ni kule chini walikokuwa zamani, kabla mtaro haujachimbwa upya na tope kuwafukuza. Karibu na ngazi hukaa fundi viatu, jina lake Soli. Katikati ni Mama Birika na kahawa yake. Anayefuata ni Kifungu, karani wa mahakama aliyestaafu lakini bado anahukumu. Kisha Gia, dereva wa malori wa zamani. Watoto humwita Magia. Hilo si jina lake. Ncha ya mwisho ya benchi haikaliwi na mtu. Hapo ni pa Breki.

Asubuhi hiyo Soli alikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Msafara wa baiskeli ungepita hapo: watu waliotoka mji wa mbali, siku kadhaa barabarani, wakichangisha fedha za viti vya magurudumu na miguu ya bandia. Mtaa mzima ulijiandaa. Barazani walikuwa wamenunua maji na ndizi, na Kifungu alikuwa ameandika bango kwa mkono wake, KARIBUNI NYOTE, neno la pili kubwa kuliko la kwanza. Lakini mke wa Soli, alipokuwa akimpa chai, alisema neno moja tu:

— Leo kaka yangu asipoonekana kwenye lile benchi lenu, usiniambie tena kwamba mnampenda.

Kaka yake ndiye Breki. Zamani alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli, akiteremka mlima wa sokoni bila kugusa breki hata mara moja, na kwa kuwa hakuzigusa, wakamwita Breki. Kisha kidonda cha sukari kikamchukua mguu wa kushoto. Sasa hutengeneza redio na simu kwenye kibanda kilicho huko chini barabarani, na kila asubuhi hupita na kiti chake cha magurudumu, mfuko wa vifaa mapajani.

Na sasa alikuwa anapita.

— Breki! Karibu baba! — aliita Mama Birika, kikombe tayari mkononi.

— Nimekaribia, Mama. Hamjambo wote?

— Hatujambo! — alijibu Gia. — Panda bwana, leo ni leo! Wageni wanakuja, nafasi yako hii hapa!

Breki aliinua uso. Alilitazama benchi, akalitazama bango, akatabasamu kidogo.

— Asante. Nipo njiani.

Akasukuma magurudumu, akaenda zake. Soli akapiga nyundo ngozi tupu, msumari ukabaki mdomoni.

— Mmesikia? — alisema Gia. — "Nipo njiani." Mwaka wa pili huu! Mimi nimeendesha lori mpaka mipakani, nimelala porini, tairi limenipasukia kwenye mvua, lakini sijawahi kuwa njiani kiasi hicho.

— Ana sababu, — alisema Kifungu. — Na sababu yenyewe ni ya kisheria.

— Tumeanza.

— Nyamaza usikie. Breki ni mwanachama wa benchi hili. Aliondoka kwa ugonjwa. Mwanachama akiondoka kwa ugonjwa harudi hivihivi, hurejeshwa rasmi. Nani kamrejesha? Hakuna. Nyinyi mnapiga kelele "karibu, karibu," kama mnaita kuku.

— Hicho ni kifungu gani? — aliuliza Mama Birika.

— Kifungu cha desturi.

— Desturi nayo ina vifungu?

— Kila kitu kina vifungu, Mama. Hata birika lako.

— Birika langu lina mdomo tu, kama wewe. Sikilizeni mimi niwaambie. Pale kuna mwanamke.

— Aa!

— Aa nini? Mmemwona uso leo? Unang'aa kama sufuria mpya. Mwanamume hajipaki mafuta mpaka masikioni kwa ajili ya kutengeneza redio. Na yule muuza maziwa anayekaa mbele ya kibanda, mbona maziwa yake hayaishi? Kila ukipita yupo.

— Mama, — alisema Soli, — yule ni shemeji yangu. Angekuwa na mwanamke, mke wangu angejua kabla yake.

Wakacheka, hata Kifungu. Soli hakucheka. Jumapili iliyopita alikwenda kumwona Breki kwake, akakichukua kile kiatu kimoja cha kulia akipige rangi. Alipokigeuza akakuta soli yake safi, haina hata mkwaruzo. Fundi viatu huzoea kusoma maisha ya mtu chini ya kiatu chake, na pale hapakuwa na cha kusoma. Akamuuliza, "Shemeji, mbona huji Barazani?" Breki akasema, "Nitakuja tu, shemeji," akaongeza sauti ya redio.

— Nyote hamna macho, — alisema Gia akishusha sauti, ingawa barabarani hapakuwa na mtu wa kumsikia. — Hamjaitazama mikono yake? Imekuwa kama ya mbeba magunia. Hiyo si mikono ya kusukuma kiti kwenda kibandani na kurudi. Ile ni mikono ya mazoezi. Yumo kwenye msafara!

— Amepita sasa hivi na mfuko wa redio!

— Ndiyo ujanja wenyewe. Mfuko una jezi. Msafara ukikaribia utamwona anatokea mbele kabisa, baiskeli ya kukanyaga kwa mikono, miwani myeusi, anateremka ule mlima kama enzi za mikate. Na sisi tutabaki tumeshika ndizi.

— Haiwezekani, — alisema Kifungu.

— Sijamaliza. Unadhani wale waandaaji wamepanga kupita hapa kwa bahati? Breki ni mtu wao. Wamemweka atuchunguze. Mtaa upi unawapokea watu wenye ulemavu, mtaa upi unajifanya. Kila siku anapita, anatazama juu, anaweka kichwani. Leo ripoti inasomwa.

Kifungu akafikiri, akaonekana kuridhika.

— Kama ni hivyo, tumefaulu. Bango lipo. Nafasi imetunzwa. Kikombe humiminwa kila siku.

— Bila sukari! — aliongeza Mama Birika. — Tangu augue, chake sitii sukari hata punje.

— Na juzi, — alisema Gia, — bwana afya mwenyewe kaja, suti na mkoba, kataka kuketi pale mwisho. Nikamwambia, mheshimiwa, hapo pana mwenyewe. Akanywa kahawa amesimama. Kama huko si kumpenda mtu, basi mapenzi yamekwisha duniani.

— Ila inawezekana vilevile, — alisema Kifungu, na sasa uso wake ukawa mzito, — kwamba anakusanya ushahidi.

— Ushahidi wa nini?

— Wa kutushtaki.

— Kwa kosa gani, wewe Kifungu?

— Hapo ndipo penye hofu. Hatujui.

Soli akautoa msumari mdomoni.

— Labda sisi ndio hatumtaki, — alisema.

Wote wakamgeukia kama aliyemwaga kahawa.

— Hatumtaki? Sisi? Soli, una homa? — alisema Gia. — Nafasi yake si ile pale?

— Naiona.

— Sasa?

— Sijui. Naiona kila siku tupu. Basi.

Kabla hajaendelea, kengele ya baiskeli ikalia huko chini. Mwanamke wa makamo, fulana ya njano yenye jina la msafara, alikuwa anasimama mbele ya baraza. Baiskeli yake ilikuwa ya magurudumu matatu, pedali ziko mbele ya kifua, naye alikuwa akizizungusha kwa mikono. Miguu yake miembamba ilikuwa imefungwa vizuri kwa mkanda.

— Samahani wazee wangu. Njia ya kwenda uwanjani ni hii?

— Ni hii hii, mwanangu! — alisema Mama Birika akisimama. — Wenzako wako wapi?

— Wako nyuma ya mlima. Sisi wa mikono tunatangulizwa, wao wanatufikia. — Akavuta pumzi, pua ikainuka. — Hiyo ni kahawa?

— Kahawa hasa! Karibu, karibu sana, bango linakuita!

Mama Birika aliwatazama wenzake. Gia akatikisa kichwa kukubali, Kifungu naye. Jambo kama hilo halijawahi kutokea Barazani.

— Njoo ukae pale mwisho, — alisema Gia. — Ile ni nafasi ya mtu wetu, lakini wewe ukikaa hatachukia. Njoo, panda.

— Nashukuru sana, — alisema yule mgeni. Alitazama kulia kwa baraza, akatazama kushoto. Hakuwa anatania wala kulaumu. Alikuwa anatafuta tu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoizoea. — Napandia wapi?

Gia aliinua mkono kuonyesha ngazi. Mkono ukafika nusu ya safari, ukabaki hewani.

Ngazi zilikuwa zilezile za kila siku, za saruji, nyembamba, ya kwanza ikiwa juu kuliko nyingine. Wote wakazitazama kama kitu kilichoshushwa na lori asubuhi hiyo. Kifungu alifungua mdomo. Hakikutoka kifungu.

— Tutakubeba! — alisema Gia hatimaye. — Tuko wanaume wawili hapa. Na Kifungu.

— Asante, baba. Huko kote nimekuja kwa mikono yangu, nisimalizie kwenye mikono ya watu. Niteremshieni kikombe tu, nitanywea hapa.

Mama Birika akainama ukingoni, magoti yakilalamika, akampa. Yule mgeni akanywa, akasifu, akarudisha kikombe juu kwa mkono ulionyooshwa mpaka bega, akapiga kengele na kuondoka. Hakuna aliyekumbuka kumpa ndizi.

Soli aliweka nyundo chini, akamgeukia Mama Birika.

— Mama, huku juu tulihamia lini?

— Si ule mwaka wa mtaro? Tope lilipojaa.

— Mwezi gani?

Mama Birika akaanza kuhesabu vidole, akaacha.

— Breki alikuwa hospitali, — alisema taratibu. — Nakumbuka kahawa yake niliimimina hapa siku ya kwanza, nikasema, akitoka atafurahi, huku kuna upepo.

— Na mtaro umefunikwa lini?

— Zamani, — alisema Gia. — Zege juu, magari yanapita. Zamani sana.

Soli akasimama. Akaliondoa sanduku lake la kazi, akashika ncha ya benchi iliyokuwa karibu naye.

— Gia. Shika huko.

— Kule kwa Breki?

— Huko huko.

Benchi lilikuwa zito kuliko walivyodhani, maana hakuna aliyewahi kulishika ila kwa makalio. Kwenye ngazi Gia alitaka kutanguliza kushoto, Soli kulia. Kifungu akawa mbele yao anarudi kinyumenyume na kutoa amri, mpaka Mama Birika akamwambia ama abebe ama afe. Akabeba. Wakaliteremsha, wakaliweka juu ya zege, palepale kilipokuwa kijiwe, likielekea barabara. Mama Birika akashusha jiko, birika na vikombe. Bango likabaki juu, likisema KARIBUNI NYOTE mahali pasipo na mtu.

Wakati huo kengele zilianza kusikika mlimani, nyingi kwa pamoja. Watu wakatoka majumbani. Breki naye akatoka kibandani, akapandisha barabara na kiti chake ili aone vizuri, mikono mitupu, bila jezi wala miwani myeusi. Alipofika kwenye kona akasimama.

Aliliona benchi. Akatazama juu barazani, akatazama tena chini.

— Kuna nini? Mmefukuzwa?

— Tumerudi, — alisema Soli. Kisha, kwa kuwa hakujua kuzunguka kwa maneno, akauliza: — Shemeji, mbona hukusema?

Breki alipitisha kidole kwenye mpira wa gurudumu, kama anayepima upepo.

— Ningesema nini? Nilitoka hospitali nikakuta mmehama. Mtu akikuhama huendi kumuuliza sababu. Nikasema, basi, angalau wanasalimia.

— Lakini tulikuwekea nafasi! — alisema Gia, na sauti yake ilikuwa karibu kulia. — Nimemkatalia bwana afya, Breki! Na suti yake!

— Nilikuwa naiona, — alisema Breki. — Kila siku. Nzuri sana. Pana upepo.

Mama Birika alicheka kwanza, akifuta macho kwa ncha ya kanga. Breki naye akacheka, kile kicheko chake cha wakati wa mikate. Kifungu akatangaza kwamba mwanachama sasa amerejeshwa rasmi, na kwamba kesi yoyote iliyokusudiwa imefutwa. Soli alisogea akaacha pengo mwisho wa benchi, la kutosha kiti cha magurudumu kuingia ubavuni mwa mtu.

Baiskeli za kwanza zikateremka mlima, fulana za njano zikipeperuka. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe kisicho na sukari. Likatoa matone machache, kisha mvuke mtupu.

— Yarabi! Leo ndiyo siku ya kuniumbua? Kahawa imekwisha!

Breki akaingiza kiti chake kwenye pengo, bega kwa bega na Soli, akavuta breki ya kulia, akavuta na ya kushoto.

— Bandika nyingine, Mama, — alisema. — Sina haraka.