Maadamu Mashine Iko Hai

Thoya: Haloo? Ni nani?

Nicanor: Haloo, fundi. Masalkheri.

Thoya: Masalkheri. Namba hii siijui. Ni nani mwenzangu?

Nicanor: Ni mimi, Nicanor. Nicanor wa ghala la Mbaraki.

Thoya: Aa, mzee wangu! Hujambo? Nyumbani hawajambo?

Nicanor: Hatujambo. Wewe je, watoto?

Thoya: Wako, twashukuru. Mbona kwa namba ngeni?

Nicanor: Nimeazima simu ya Mejumaa, huyu muuza mihogo hapa Feri. Yangu nimekupigia tangu asubuhi hupokei. Nikasema labda namba yangu ina ugonjwa.

Thoya: La, mzee, si hivyo. Kazi tu. Leo hapa Biashara Street hapapitiki, wateja wame—

Nicanor: Haya, haya. Sikulaumu. Nimechoka tu. Siku nzima nimekaa kwenye meza tupu kama mtu aliyekuja kuuliza kazi. Niambie, mgonjwa wangu ameamkaje?

Thoya: Laptopu?

Nicanor: Kwani nina mgonjwa mwingine kwako?

Thoya: Mzee, umekaa ama umesimama?

Nicanor: Feri mtu hukaa wapi? Nimesimama. Sema.

Thoya: Basi... imekufa.

(Simu inakwaruza.)

Nicanor: Haloo? Kuna kitu chakwaruza. Rudia.

Thoya: Ni netiweki hiyo, mzee. Nasema mashine imekufa. Bodi imeungua. Mara hii haiamki.

Nicanor: Ulisema hivyohivyo ilipoanguka hapa kwenye kivuko, watu waliponisukuma.

Thoya: Ile ilikuwa bawaba. Bawaba nikaifunga kwa skrubu ya cherehani, ikashika.

Nicanor: Na ile mara chumvi ilipoingia?

Thoya: Ile niliisugua kwa mswaki.

Nicanor: Mswaki wa mkeo, akakununia wiki nzima. Betri ikafa, tukaitumia bila betri. Kibodi ikakatika upande mmoja, ukaleta ya mashine nyingine, rangi tofauti. Kila mara huniambia imekufa, na kila mara nairudisha Mbaraki ndani ya mfuko wa kanga alioushona mke wangu Mutanu. Sasa leo ndiyo—

Thoya: Mzee, sikiza—

Nicanor: Sikiza wewe. Mashine hiyo ilikuja hapa ikiwa ishatumika na watu wengine huko ofisi za Ulaya, stika yao iko hata sasa chini yake. Walioitupa walidhani imeisha. Vijana wa ofisini wamebadilisha zao mara ngapi, mimi niko na hiyo hiyo. Haijanipotezea mzigo hata mmoja.

Thoya: Najua. Mimi ndiye fundi wake.

Nicanor: Basi wajua pia nini kimefungwa nayo.

Thoya: Najua, mzee wangu.

Nicanor: Marehemu babake bosi wangu Sabir alisema mbele ya wafanyakazi wote. Wateja wa zamani wataka risiti za karatasi tatu tatu, zile za kaboni, na printa ile inayozichapa haizungumzi na mashine nyingine ila hii. Akasema, maadamu mashine hii iko hai, Nicanor asiondolewe mezani pake. Sabir akamwitikia babake: nimekubali. Nilisikia kwa masikio haya.

Thoya: Ndiyo, ulinihadithia.

Nicanor: Sasa ikiwa imekufa... Naogopa, Thoya. Nakwambia wazi. Umri huu nitaanzia wapi? Mutanu nimemwambia ni homa ndogo tu, kesho itarudi.

(Simu inakwaruza.)

Thoya: Pole, mzee. Pole sana. Lakini vitu vyote vina—

Nicanor: Ngoja.

Thoya: Haloo?

Nicanor: Ngoja, nyamaza kidogo. Mejumaa, mwanangu, hebu waambie hao wapunguze kelele. (anasikiliza) Thoya, hiyo si netiweki.

Thoya: Ni netiweki, mzee. Hapa ndani simu hazishiki vizu—

Nicanor: Netiweki haikohoi. Hiyo yakoroma, kisha yakohoa mara mbili, kisha yatulia. Hiyo ni feni yenye jino lililovunjika. Nimekaa nayo mkabala miaka yote hii, Thoya. Ni feni ya mashine yangu. Imewaka.

Thoya: Mzee—

Nicanor: Imewaka hapo mbele yako, na wewe waniambia imekufa.

Thoya: Imewaka tangu jana jioni.

Nicanor: Nilikukosea nini?

Thoya: Hukunikosea kitu! Haki ya Mungu, nimekaa nayo hapa naiangalia nashindwa hata kula. Ndiyo sababu sikupokea simu zako. Ningejua namba hii ni wewe, hata hii nisingeipokea.

Nicanor: Ni nani?

Thoya: Usiniulize.

Nicanor: Ni Sabir.

Thoya: Mimi sijasema.

Nicanor: Hujasema. Alikwambiaje?

Thoya: Alipiga asubuhi. Akauliza, imepona? Nikamwambia imepona. Kisha akasema, fundi, kazi zote za ofisi yangu nakuletea wewe, nakuomba hii moja iwe imekufa. Akasema yeye hawezi kulivunja neno la babake. Lakini ikifa yenyewe... si yeye.

Nicanor: Si yeye. Ni bodi.

Thoya: Alikuwa na haya, mzee. Nilimsikia sauti. Akasema wateja wa karatasi wamebaki wawili watatu, na wewe... akasema mzee wetu achoka.

Nicanor: Hapo hakusema uongo.

Thoya: Nikuletee mashine yako? Kesho alfajiri niko mlangoni kwa ghala nayo. Naiwasha mbele yao wote, aniangalie machoni. Kazi zake akazipeleke kwa fundi mwingine, sitakufa njaa.

Nicanor: Na mimi?

Thoya: Wewe utakaa mezani pako. Si neno ni neno?

Nicanor: Nitakaa. Kila nikiwasha, feni ikikohoa, watu watanigeukia. Sabir atapita hapo akiomba kimoyomoyo izime. Nitakuwa nakunywa chai ya mtu anayeombea mashine yangu kifo. Mtoto yule nilimbeba mgongoni, Thoya. Babake akihesabu magunia, mimi nimembeba.

Thoya: Yaniuma, mzee. Sijui nikwambie nini.

Nicanor: Usiniambie kitu. Kuna nini kwenye kioo?

Thoya: Wapi?

Nicanor: Hapo kwenye laptopu. Ilipozima nilikuwa nikiandika. Imerudisha?

Thoya: Ngoja nione. Ndiyo, imerudisha. Ni risiti ya majani chai. Magunia, namba ya lori, tarehe... umeandika "Imepokelewa na", kisha hapana kitu.

Nicanor: Hapo ndipo ilipozima.

Thoya: Nikujazie? Niweke jina lako?

Nicanor: La. Acha wazi.

Thoya: Wazi hivi hivi?

Nicanor: Atakayekaa pale atajaza. Ihifadhi, kisha uizime.

Thoya: Mzee, usifanye hivi kwa hasira.

Nicanor: Hasira nazitoa wapi saa hizi? Sabir mwambie imekufa, bodi imeungua. Usimwambie nilijua. Akijua nimejua hataweza kunitazama, na bado twazikana na kuozana. Mwache na amani yake.

Thoya: Na mashine yenyewe?

Nicanor: Usiitoe vipuri. Nitamtuma Mutanu aje na ule mfuko wa kanga.

Thoya: Nakuahidi, hata skrubu moja haitoki.

Nicanor: Haya. Izime. Lakini usiibonyeze kwa nguvu kama vijana. Ipeleke taratibu, ijizime yenyewe.

Thoya: Nimehifadhi. Nazima... yasema ningoje.

Nicanor: Hungoja kidogo. Ndivyo ilivyo.

Thoya: Kioo kimezima.

Nicanor: Na feni?

Thoya: Yazunguka bado... yapunguza... Imekohoa.

Nicanor: Mara moja?

Thoya: Moja. Sasa ya pili. Imesimama.

(Simu inakwaruza.)

Nicanor: Hujazima, Thoya. Bado naisikia.

Thoya: Nimezima, mzee wangu. Nimeweka mkono juu yake, imetulia kabisa.

Nicanor: Mbona yakwaruza?

Thoya: Hiyo sasa ni netiweki.

Nicanor: Usinidanganye mara ya pili.

Thoya: Haki ya Mungu. Hii sasa ni netiweki kweli.

Nicanor: Basi sawa. Feri imefungua mlango, watu waingia, na Mejumaa ataka simu yake. Wasalimie watoto. Na Thoya, kesho alfajiri usi—

Thoya: Haloo? Mzee? Kesho nisifanye nini? Haloo?