Donat Mwenya na Ziwa Aliloliacha Jeupe

Donat Mwenya alizaliwa Pweto tarehe 14 Agosti 1964, mtoto wa pili wa Mzee Mapalo na Mama Mwaba. Baba yake alifanya kazi ya reli Lubumbashi, na mwaka 1970 familia yote ikamfuata huku.

Alisoma kwa mapadri mpaka akapata diploma mwaka 1984. Padri mmoja alimwazima kitabu cha michoro ya milima, miti na mito, iliyochorwa Ulaya karibu miaka mia nne iliyopita. Wenzake walitazama picha. Donat alitaka kujua wale wachoraji walishika nini mkononi. Akakata kalamu kwa matete, akapika wino kwa magome ya mti na misumari ya reli yenye kutu.

Kuanzia 1992 alifundisha kuchora shuleni Katuba, hapa Lubumbashi, miaka ishirini na miwili. Penseli aliikataa kwa sababu ya kifutio. Tete, alisema, linaishiwa wino upesi. Mkono unasimama, na jicho linalazimika kuutazama mti upya.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Albertine Nkandu. Mwaka wa kwanza Albertine alikuta chupa ya maji meusi chini ya meza, akaimwaga.

"Mama, ile mayi ya mu chupa iko wapi?" Donat alimuuliza mkewe.

"Nilimwanga. Ilikuwa nanuka."

Donat akatia maji kwenye tone lililobaki, akachora vilima vya ng'ambo ya Ziwa Mweru, ziwa la kwao Pweto, vyepesi kama moshi. "Wino muzito ulikuwa unanikatalia kufika kule," alisema. Tangu siku hiyo, mambo ya karibu aliyachora kwa wino mzito na ya mbali kwa wino wa maji, na kila chupa ikaandikwa: Mama, usimwange.

Juni 2024 kiharusi kilimshika mkono wa kuume. Akajifunza kuchora kwa mkono wa kushoto, na kwa miezi minane alichora picha hii iliyo juu ya jeneza: matete meusi mbele, vilima hafifu nyuma, na katikati ziwa lisilo na tone la wino. Alimwambia mkewe, "Muntu asijaze pale. Karatasi ndiyo mwangaza." Alifariki tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, nyumbani.

Juzi kilioni kaka yake mkubwa, Désiré, alikuja na kopo la rangi ya buluu, akamwendea Albertine, mama wa mtoto wao Bénie.

"Mama Bénie, mayi iko wapi? Bantu batasema mudogo wangu alikufa mbele ya kumaliza."

"Yaya," Albertine alimjibu kaka mkubwa huyo, "penye peupe ndiyo mayi. Alimaliza."

"Na bakicheka?"

"Bacheke. Rangi haipite hapa."

Albertine aliyaogopa maneno ya watu, lakini alivuta kiti chake mpaka mbele ya picha, akakaa hapo hadi jioni. Désiré akaketi kando yake. Alitazama muda mrefu, kisha akauliza polepole, "Hii matete, si ni ya kwetu Pweto, kwa mama?" Akalifunga kopo lake la rangi. Leo asubuhi ni yeye aliyeibeba picha.

Donat ameacha mjane, Albertine. Watoto watatu, Bénie, Osée na Myriam. Mjukuu mmoja, Gracia. Kaka yake Désiré. Na wanafunzi wengi wanaojua kukata tete.

Apumzike kwa amani kwenye mwangaza alioulinda. Sisi tuliobaki hatutaujaza.