Rula ya Tata Barnabé

Tarehe 28 Februari Tata Barnabé Muteba anastaafu, akiwa ameitumikia maabara yetu ya sampuli hapa Kolwezi kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka jana habari hii ingetutia hofu. Leo tunaiandika kwa moyo mtulivu, na sababu inafaa kuelezwa.

Alianza kwa kupokea mifuko ya mawe kutoka mgodi wa Mashamba na kuandika daftarini viwango vya shaba na kobalti. Alipotimiza miaka hamsini alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, peke yake, akaandika programu inayokusanya vipimo vyote na kutoa ripoti ya siku. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika tano.

Programu hiyo aliiandika kwa kihariri cha maandishi duni kabisa, kile kilichokuja na kompyuta, kisicho na rangi wala msaada wowote. Python hutaka kila mstari uanzie mahali pake. Tata Barnabé alihakikisha hilo kwa kuweka rula ya plastiki juu ya kioo cha kompyuta. Mama Micheline wa mapokezi hakuchoka kumtania: "Tata, iyi ni kompyuta, haiko mubao ya kukata." Yeye aliendelea kupima. Hakuna mwingine aliyethubutu kuligusa faili lake.

Mwezi Mei alianza kumfundisha mkemia wetu, Mama Mignonne Kabamba, atakayeirithi kazi hiyo. Siku ya kwanza Mignonne aliongeza mistari miwili, akaisogeza kwa kitufe cha Tab pale ambapo mwalimu wake hubonyeza kitufe cha nafasi mara nane. Rula ilisema mistari imenyooka. Python, isiyokubali Tab na nafasi zichanganywe, ilikataa. Kwa siku mbili sampuli zililundikana mlangoni, nasi tukajiuliza ni nani angeifufua programu hiyo baada ya mwenyewe kuondoka.

Tata Barnabé hakumlaumu mtu. Alisema chombo ndicho kibaya, akaagiza vihariri vitatu vijaribiwe. Majina nayaacha, kwa kuwa waraka huu si tangazo. Cha kwanza, chenye sura nzuri, kilichelewa kufunguka hata chai ikaisha. Cha pili kilidai mtandao kwanza. Cha tatu kilifunguka mara moja, kikaonyesha kila nafasi kwa nukta na kila Tab kwa mshale, na Mignonne akaliona kosa lake papo hapo. Alipokuwa akilisahihisha, Tata Barnabé alizima swichi kuu bila kumwonya mtu. Umeme uliporudi, kihariri kilirudisha yote isipokuwa neno la mwisho. Kikachaguliwa. Mama Micheline alipoteza barua mbili alizokuwa hajazihifadhi.

Januari Tata Barnabé alikwenda likizo kwa dada yake huko Kasaji, akazima simu makusudi. Wiki hiyohiyo fomu ya sampuli ilibadilishwa. Mignonne aliirekebisha programu peke yake, kabla ya saa sita mchana.

Aliporejea, Tata Barnabé aliisoma programu mstari kwa mstari, rula mkononi. Hakuiinua hadi kwenye kioo. Aliiweka katika droo ya Mignonne: "Mama, iyi utapigia mistari mu daftari. Mi naenda kupumuzika."

Tata Barnabé, tunakushukuru kwa miaka yote, na zaidi kwa huu wa mwisho, uliotuachia kazi inayoendelea bila wewe. Ishi kwa amani huko Kasaji, na simu uizime bila wasiwasi. Tukikupigia, itakuwa ni kukusalimu tu.