Sista Apolonia, Jumanne na Alhamisi

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu. Viongozi wetu wa dini. Bwana Fridolin kutoka ofisi ya wilaya, uliyekaa leo mbali kabisa na mama mkwe wangu, nakuona. Ndugu zangu mliovuka mto na matope mpaka magotini. Na wewe Sista Apolonia, muuguzi wetu, ambaye leo tunakuaga unapostaafu: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Nimepewa dakika tano. Aliyenipa hanijui!

Mimi naitwa Stumai, Mama Shilinde, mkulima wa mpunga, na natumia dawa za VVU mwaka wa saba sasa. Jamani, nimelisema kwenye spika! Mwaka jana ningelisema hivi? Thubutu! Niliamini mama mkwe wangu, Mama Nyamizi, akijua tu, atanifungia mizigo na kunirudisha kwa baba yangu kule Chita. Limbu mume wangu alijua, akanitunzia siri. Kila nilipokwenda kuchukua dawa, nyumbani niliaga kwamba napeleka mayai sokoni. Miaka sita ya mayai, na kuku wenyewe wanne!

Nani hapa hakumbuki huduma ya mkoba? Sista alikuwa anavuka na pikipiki ya zahanati kutuletea dawa ng'ambo, Jumanne pale shuleni, Alhamisi pale kwenye mashine ya kukoboa. Mimi alinipangia Alhamisi. Nikimwomba Jumanne, kwa sababu ya kupalilia, ananikatalia na uso umekunjwa, nami narudi nyumbani nikinung'unika kwamba Sista huyu ana roho ngumu. Kisha ukaja wakati wa kubana matumizi. Mafuta ya pikipiki yakapunguzwa, akaambiwa siku mbili ziwe moja. Unajua alifanya nini, Mheshimiwa? Jumanne alikuja na pikipiki, na Alhamisi akaja na baiskeli yake mwenyewe, mama wa miaka hamsini na tisa, anahema ile njia yote. Sisi tulidhani pikipiki ni mbovu.

Baadaye mkoba ukasimamishwa kabisa. Tukaandikwa kwenye orodha ya kusubiri, majina sitini na moja, mpaka fedha zipatikane. Tusubiri vipi, ndugu zangu? Mto umefura, hapa zahanati wala Ifakara hospitalini hakufikiki, na kwenye kopo langu zimebaki dawa za siku tisa. Nilikuwa nazihesabu asubuhi, nazihesabu tena jioni.

Ndipo Bwana Fridolin akaja kukagua kwetu ng'ambo, pale shuleni. Ulikuja mwezi wa tano, kaka yangu, mpunga unakomaa, watu wote tuko shambani juu ya madungu, tunaamia ndege wasiule! Ukakuta watu watatu kwenye benchi, ukaandika kwamba mahitaji yamepungua. Sista akakuomba siku tatu. Akatuma ujumbe: kila aliye kwenye orodha alete kopo lake tupu la dawa, jina halitakiwi.

Weee! Makopo yalikuja sitini na moja, na hakuna lililokuwa tupu. Nani wa bonde hili anatupa kopo lenye kifuniko kizuri? Kuna lililokuja na ndoano za samaki, kuna lililokuja na chumvi, la kwangu lina mbegu za bamia. Na karatasi zake zote tulishazibandua kwa kuogopa macho ya watu. Bwana Fridolin akafungua moja, akainamia kunusa, kumbe ugoro! Alipiga chafya mpaka kalamu ikaanguka. Akasema, "Sista, haya ni makopo ya jikoni. Wenyewe wako wapi?"

Mimi nilikuwa palepale nachemsha chai ya wageni. Mama mkwe naye alikuwa kwenye benchi, alikuja kupima presha, kama alivyokuwa akituambia miaka yote. Nikamtazama Sista. Alijua kabisa kuna mwenye kopo ndani ya chumba kile. Angenyoosha kidole tu, mkoba ungerudi. Akainamisha macho, akaanza kufunika makopo moja moja. Hapo ndipo nilipomwelewa mama huyu, na machozi yakanitoka.

Nikaweka birika chini, nikasema, "La bamia ni langu." Sikuthubutu kugeuka. Nikasubiri kusikia nikifukuzwa.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Na hilo la ugoro ni langu mimi. Hebu nirudishie, baba, unalimwaga!"

Mama Nyamizi, simama wakuone! Vigelegele jamani! Huyu ndiye wa Jumanne! Nyumba moja, miaka sita, mimi namficha yeye, yeye ananificha mimi, aliogopa nitamnyang'anya mjukuu. Tulirudi nyumbani pamoja mpaka katikati ya njia, akasimama, akaniambia, "Kumbe mayai!" Nikamjibu, "Kumbe presha!" Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majani.

Bwana Fridolin, ulifuta maandishi yako mbele yetu, na leo pikipiki ile pale nje, tangi la mafuta limejaa. Mungu akubariki, na pua yako ipone.

Sista Apolonia, ulibeba siri mbili za nyumba moja kwa baiskeli, na mimi nikakuita roho ngumu. Nisamehe, mama yangu. Zawadi yetu ni kopo hili. Ndani mna mbegu za bamia. Ugoro mama amekataa kutoa.

Na wewe Sista Noela, unayeshika nafasi yake, tuna ombi moja dogo. Kwenye daftari lako jipya, usitutenganishe tena. Mama akiwa Jumanne, na mimi niandike Jumanne, majina yetu yafuatane, tuje pamoja.

Mmenisikiliza vizuri, ndugu zangu, hata dakika zilipokwisha. Asanteni sana.