Jairus Were na Kitabu cha Ukoo

Mzee Jairus Were alizaliwa Shinyalu tarehe 14 Machi 1958, mkunga akiwa bado njiani. Aliyempokea ni dada yake Maximilla, msichana wa miaka tisa, na marehemu hakuruhusiwa kulisahau hilo.

Alisoma msingi hapa nyumbani, akamaliza kidato cha nne mjini Kakamega mwaka 1976. Maximilla aliachia darasa la pili ili ambebe mgongoni.

Mwaka 1979 aliajiriwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini. Kompyuta zilipoingia wenzake walizikimbia. Yeye alikaa nazo mpaka alipostaafu mwaka 2018.

Alifunga ndoa na Jescah tarehe 6 Agosti 1983. Jescah anasema alikuwa mume mpole, ila nguo zake alizikunja mwenyewe, hakuamini mkono wa mtu.

Baada ya kustaafu alianza kitabu cha ukoo ndani ya kompyuta. Kazi ilikuwa ngumu: kila jina lilifunguliwa kwa alama na kufungwa kwa alama, na ukisahau moja, mashine inakataa ukurasa mzima. Wenye majina kichwani ni wazee ambao hawakusoma. Basi akatengeneza programu ya visanduku: unaandika jina, alama zinajiweka zenyewe. Mtu wa kwanza kuijaribu alikuwa Maximilla.

Kisanduku cha tatu kiliuliza idadi ya watoto. Dada akaondoa mikono.

"Jaza namba, dada. Bila namba haiendi mbele."

"Basi na ikae. Watoto hawahesabiwangi. Ni kuku?"

Walikaa hivyo mpaka chakula cha mchana kikapoa. Kesho yake marehemu alirudi amekitoa kile kisanduku. "Wewe taja majina tu," akasema. "Itahesabu yenyewe, kimya kimya. Dhambi ni yake."

Toka siku hiyo Maximilla aliandika nyumba kumi na moja za ukoo, kwa kidole kimoja.

Nyumba ya Mayoni peke yake ilikataa. Walisema kitabu cha ukoo hakiandikwi na mwanamke wa darasa la pili. Jambo hilo lilimuuma marehemu kuliko kisukari kilichompata mwaka 2021. Kila alipozidiwa aliuliza, "Mayoni wamekuja?"

Aliaga dunia hospitalini tarehe 9 Juni 2025. Siku hiyo alimwambia dada, "Usigombane nao. Waite tu." Dada hakuahidi.

Ameacha mjane Jescah, watoto Awinja, Sammy na Naliaka, wajukuu, na dada yake Maximilla.

Nyumba ya Mayoni, tumewaona kwenye hema la kushoto. Karibuni sana. Kompyuta iko mezani, kando ya sufuria za ingokho, kuku wetu wa kienyeji. Mkitoka kaburini mpite hapo kwanza, mtaje majina ya watu wenu, ndipo mpewe sahani. Huku si kugombana. Ni kuita.

Mungu ampumzishe Jairus kwa amani. Kazi iliyobaki ina mtu.